Randa ya chuma namba 4: nzuri, ila inauzwa kabla haijamalizwa

Anayeanza useremala wa kujifurahisha hafiki mbali kabla ya kuuliza anunue randa gani, na jibu analopewa karibu kila mara ni lilelile: namba 4 (namba hutaja saizi ya randa). Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba haumwambii kuwa namba 4 ya daraja la chini, inapotoka kwenye boksi, bado haijawa randa. Ni vipande vya randa vilivyofungwa pamoja. Anayelijua hilo atapata chombo cha kumtumikia miaka mingi. Asiyelijua ataparuza mbao siku mbili, ataona nyuzi zinanyofoka, kisha atarudi kwenye msasa akiamini hana mkono wa kazi.

Umbo lenyewe halina kasoro. Leonard Bailey alilibuni Marekani katika miaka ya 1860, kampuni ya Stanley ikanunua biashara yake mwaka 1869, na randa nyingi za chuma zinazouzwa leo kwa namba hizi, ziwe na jina kubwa au zisiwe na jina kabisa, zimefuata umbo hilo. Namba 4 ina urefu wa takriban milimita 245, kisu cha upana wa milimita 50, na uzito wa karibu kilo 1.7. Kisu hulala kwa digrii 45 juu ya kiti cha chuma. Juu ya kisu hufungwa kifuniko, yaani bapa lililopinda kwenye ncha, ambalo huyavunja maranda mara tu yanapoinuka kutoka kwenye mbao. Vyote viwili hukandamizwa na kibano chenye wenzo mdogo wa kufunga kwa dole gumba. Nyuma ya kiti kuna gurudumu la shaba la kushusha na kupandisha kisu, na juu yake wenzo wa kukipeleka kushoto au kulia.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba unarekebisha unene wa maranda huku mkono ukiwa bado kwenye mpini. Randa ya mbao yenye kabari ni nyepesi na huteleza kwa raha zaidi, lakini kila marekebisho ni kwa nyundo, na anayeanza huishia kugonga mno au kugonga kidogo mno.

Kukagua kabla ya kutoa pesa

Ikiwa ni mpya, toa kibano, kisu na kifuniko palepale dukani. Weka rula ya chuma kwenye uso wa chini, kwa urefu na kwa mshazari, elekeza kwenye mwanga na utazame. Mwanga mwembamba ni jambo la kawaida. Karatasi ya kuchapia ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, ikipenya chini ya rula karibu na mdomo (uwazi wa chini kinapotokea kisu), una kazi ya saa nzima ya msasa mbele yako. Karatasi tatu zikipenya pamoja, irudishe, chukua nyingine. Angalia pia kama mdomo umekatwa mraba na pande za randa. Mdomo uliokatwa upande unaweza kunyooshwa kwa tupa, lakini ukiwa tayari ni mpana, kila unaponyoosha unaupanua zaidi.

Ikiwa ni ya mtumba, kutu ya juujuu isikutishe. Kinachotisha ni ufa. Chuma cha kusubu kikianguka hakipindi, hupasuka, na nyufa hupenda sehemu tatu: pembe za mdomo, mashavu ya pembeni juu ya mdomo, na kuzunguka tundu la skrubu kwenye kibano. Toa vipande vyote, ning'iniza mwili mtupu kwa kidole na uugonge kwa funguo: mzima hulia kama kengele, wenye ufa hulia kama bati. Mpini uliopasuka unaganda vizuri kwa gundi ya mbao. Mpini unaocheza mara nyingi hauna ugonjwa wowote. Mbao imesinyaa tu na nati ya juu imefika mwisho wa uzi wake kabla haijabana. Kata milimita mbili za fimbo ya chuma iliyomo ndani, au weka washa, yaani pete bapa ya chuma, chini ya nati, utakaza sawasawa.

Kisu kilichobaki kifupi si sababu ya kuacha kununua. Kisu chenye mashimo ya kutu mgongoni, karibu na makali, ni sababu ya kushusha bei, kwa sababu kila shimo litaacha mstari kwenye mbao utakapofika kwenye makali.

Kiti na uso wa chini

Watu wengi huanza na uso wa chini kwa sababu unaonekana. Anza na kiti. Fungua skrubu mbili zinazokishika, kitoe, na utazame pale kinapogusana na mwili. Kwenye randa za bei ya chini utakuta rangi imemwagika kwenye nyuso zilizotakiwa kuwa chuma kitupu. Rangi hiyo hufanya kiti kiyumbe, kisu kiyumbe juu yake, na mbao itoke na mawimbi madogo kama ya mabati. Ikwangue kwa patasi kuukuu, pitisha tupa laini kwenye uso wa juu mara chache kuondoa vinundu, kisha rudisha kiti na usikilize: ukikibonyeza pembe moja hadi nyingine kisigonge.

Kiti kipangwe ili mteremko wake uwe sambamba na ukingo wa nyuma wa mdomo, kisu kikae juu ya chuma hadi chini kabisa. Vitabu vingi hushauri kukisogeza mbele ili mdomo uwe finyu kwa kazi laini. Kwa randa hii ushauri huo una hasara kubwa kuliko faida. Kisu chake ni chembamba, karibu milimita 2, na ukikisogeza kiti mbele unakiacha bila mhimili pale chini panapohitaji mhimili kuliko popote. Kazi ya kuzuia kunyofoka iachie kifuniko.

Sasa uso wa chini. Gundisha msasa namba 80 kwenye kioo cha unene wa milimita 8 au zaidi kilichokaa juu ya meza isiyobonyea. Randa iwe imefungwa kamili, kisu kimerudishwa ndani milimita kadhaa na kibano kimekazwa kama wakati wa kazi, kwa maana mkazo wa kibano huupinda mwili kidogo, na unachotaka kunyoosha ni umbo lake la kazini. Chora mistari ya kalamu ya wino mzito upana wote wa uso. Sukuma na kuvuta mara ishirini, mkono ukishika chini karibu na mdomo wala si juu kwenye mpini, ambako utaanza kuiyumbisha na kuviringisha ncha. Tazama wino uliobaki. Chuma kikipata joto, pumzisha.

Hapa ndipo wengi hupoteza jioni nzima bila faida. Uso wote hauhitaji kung'aa. Panapohitaji kugusa ni ncha ya mbele, utepe wa upana wa kama sentimita moja mbele ya mdomo, na sehemu ya nyuma. Bonde katikati ya sehemu hizo halidhuru chochote. Bonde mbele ya mdomo ndilo linaloua randa, kwa sababu kazi ya utepe ule ni kuzibana nyuzi chini hadi makali yafike. Sehemu hizo tatu zikishafutika wino, pita namba 120, kisha 220, na uache hapo. Kingo zote za pembeni zikwanguliwe kidogo kwa tupa zisikwaruze mbao. Kuhusu pande kuwa mraba na uso wa chini, shughulika nazo tu kama utailaza randa ubavuni kunyoosha vichwa vya mbao.

Kisu

Mgongo wa kisu huhitaji kuwa bapa milimita tatu hadi tano tu nyuma ya makali. Ukiona jiwe la kunolea namba 1000 (namba ikipanda, jiwe huwa laini zaidi) halifiki kwenye makali hata baada ya dakika kumi, tumia mbinu iliyosambazwa na fundi wa Uingereza, David Charlesworth: laza rula nyembamba ya chuma, ya unene wa nusu milimita, kwenye ukingo mmoja wa jiwe namba 6000 au 8000, mgongo wa kisu ulale juu yake, na unoe mistari michache mifupi. Kisu kinainuka chini ya digrii moja, na utepe mwembamba kwenye makali unang'aa haraka. Mbinu hii ni ya visu vya randa peke yake. Usiifanye kwenye patasi, maana patasi hutegemea mgongo wake kama rula.

Mteremko wa kwanza uwe digrii 25, na wa makali digrii 30. Kwa vishikio vya kunolea vyenye gurudumu moja vinavyobana kisu kwa pembeni, kisu cha randa kikichomoza milimita 50 unapata digrii 25, na kikichomoza milimita 38 unapata digrii 30. Pigilia vijiti viwili vya mbao kwenye ubao kwa vipimo hivyo, hutapima tena. Usipite digrii 35: kisu kinalala kwa 45, kwa hiyo zinabaki 10 tu za nafasi kati ya makali na mbao, na makali yakichakaa kidogo randa huanza kuteleza juu bila kukata.

Jiwe namba 1000 hadi uhisi kwa kidole, upande wa mgongo, ule ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja upana wote. Usipouhisi upana wote, hujafika, na hakuna jiwe laini litakalokusaidia. Kisha 6000, na mwisho ngozi iliyopakwa dawa ya kung'arisha. Unapomalizia, kandamiza pembe moja ya kisu mistari minane, kisha pembe nyingine minane, ili makali yawe na mviringo mdogo usioonekana kwa macho. Bila mviringo huo pembe za kisu huchimba reli mbili kwenye kila pito, na utazilaumu mbao.

Ukinoa kwa mashine ya jiwe kavu, chovya majini kila sekunde chache. Makali yakigeuka buluu, ugumu wake umekwenda. Sehemu hiyo itabidi iondolewe yote.

Kifuniko, kipande kinachodharauliwa

Ukiwa na muda wa kutengeneza kitu kimoja tu, tengeneza hiki. Kifuniko cha kiwandani mara nyingi hugusa kisu kwenye pembe na kuacha uwazi katikati. Maranda membamba huingia kwenye uwazi huo, mengine huyafuata, na baada ya mapito matatu mdomo umeziba. Watu hudhani mdomo ni mdogo, wanachukua tupa, wanaupanua, na tatizo linabaki palepale.

Laza ncha ya kifuniko kwenye jiwe huku mkia wake ukining'inia chini kidogo ya usawa wa jiwe, ili ukingo wa mbele ndio uguse kwanza ukifungwa. Nyoosha hadi mstari mmoja ung'ae bila kukatika. Kifunge kwenye kisu, elekeza kwenye mwanga: usione kitu. Halafu geukia upande wa juu. Ncha ya mbele iwe na mteremko mkali, kama digrii 50 ukipima kutoka kwenye mgongo wa kisu, upana wake milimita moja inatosha, na uing'arishe kama makali. Maranda hupanda juu ya mteremko huo, na ukiwa na mikwaruzo yatakwama.

Umbali kati ya ncha ya kifuniko na makali ndio usukani wa randa. Kwa kazi ya kukwangua haraka, milimita 1 hadi 1.5. Kwa kazi ya kawaida, nusu milimita. Kwa mbao yenye nyuzi zinazogeuka njia, milimita 0.1 hadi 0.2, yaani mstari wa fedha usiozidi unene wa karatasi. Hapo kifuniko huanza kweli kuvunja: maranda yanasukumwa mbele kabla hayajapata nafasi ya kuinua nyuzi zilizo mbele ya makali. Utajua umefika kwa kuangalia maranda. Yaliyojiviringisha kama chemchemi yanasema kifuniko kiko mbali. Yanayotoka yamenyooka na kusimama juu ya randa yanasema kinafanya kazi. Yaliyojikunjakunja kama karatasi iliyofinywa yanasema umekaribia mno, na mkono wako utakuwa umeshakuambia hivyo, kwa maana kusukuma kunakuwa kuzito.

Kwenye mbao

Kaza skrubu ya kibano hadi wenzo ufungwe kwa dole gumba kwa nguvu kidogo. Ukihitaji kiganja, umezidisha, na gurudumu la kisu litagoma. Gurudumu lenyewe lina mchezo. Kuzunguka nusu mzunguko au zaidi kabla ya kisu kusogea ni hali ya randa hizi, si ubovu. Ila malizia kila marekebisho kwa kushusha kisu, kamwe usimalizie kwa kukipandisha. Ukikipandisha mchezo unabaki nyuma ya kisu, nacho kinarudi ndani katikati ya kazi. Hili peke yake ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya "randa haishiki kipimo".

Kusawazisha kisu, pitisha kipande chembamba cha mbao juu ya mdomo upande wa kushoto, kisha wa kulia, na ulinganishe maranda. Sogeza wenzo hadi yalingane.

Mwanzo wa pito mkono wa mbele ukandamize, mwisho mkono wa nyuma. Paka mstari wa mshumaa kwenye uso wa chini kila baada ya dakika chache. Tofauti yake huwezi kuiamini hadi uihisi. Usitumie mafuta ya silikoni, yataingia kwenye mbao na vanishi itakataa kushika.

Kwenye msonobari ulionyooka, namba 4 iliyotengenezwa hivi hutoa uso ambao msasa utauharibu tu. Kwenye mvule, ambao nyuzi zake hupishana tabaka kwa tabaka, kifuniko kwenye milimita 0.1 ndicho kinachotenganisha mafanikio na aibu. Na mvule huweza kuficha mawe ya chokaa ndani yake yanayong'oa makali, kwa hiyo ukisikia mkwaruzo wa ghafla simama utazame. Msaji una chembe za silika na hula makali taratibu. Noa mapema, usingoje. Kisu butu ndicho chanzo cha kwanza cha kunyofoka, kabla hujafikiria kitu kingine chochote.

Kitu ambacho randa hii haiwezi ni kunyoosha mbao ndefu. Urefu wa milimita 245 huteremka ndani ya bonde na kupanda upande wa pili kwa furaha zote. Ubao wa nusu mita unawezekana. Zaidi ya hapo unahitaji namba 5, yenye urefu wa karibu milimita 355, au namba 7, yenye karibu milimita 560. Anayenunua mbao zilizokwisha kupigwa randa kwa mashine, na kazi yake ni kusafisha uso na kurekebisha maungio, achukue namba 4. Anayeanza na mbao ghafi kutoka kwenye msumeno, randa yake ya kwanza iwe namba 5, hata kama kila mtu anamwambia vingine.

Kuongeza pesa, na wapi

Kisu kinene cha milimita 3 kutoka kwa mtengenezaji mwingine hakitetemeki sana na hudumu na makali. Lakini pima kwanza. Huenda kikagusa ukingo wa mbele wa mdomo, na hapo itabidi uutie tupa kwa mteremko wa kuelekea mbele, kidogo kidogo. Tatizo la pili ni baya zaidi: ile uma ndogo inayosukuma kisu hupita kwenye tundu la kisu na kuingia kwenye tundu la kifuniko. Kisu kikiwa kinene mno, haifiki, na gurudumu linazunguka bure.

Randa za daraja la juu, kama za Lie-Nielsen au Veritas, hutoka kiwandani na uso ulionyooka, kiti kilichokaa na kisu kinene, unanoa tu na kuanza. Unachonunua pale ni saa zako nne au tano, pamoja na utulivu wa chuma kizito. Uso wa mbao unaotolewa nazo, kwa mkono uleule na makali yaleyale, hautofautiani na wa namba 4 ya mtumba iliyotengenezwa vizuri. Mwenye pesa ya kimoja tu kati ya randa ya kifahari na jiwe zuri la kunolea, anunue jiwe.

Alama zangu: umbo, 9 kati ya 10. Utengenezaji wa zile mpya za bei ya chini, 4, na hiyo ni pale unapobahatika mdomo wenye mraba. Zile za zamani zisizo na ufa, 8, hata zikiwa na kutu, kwa kuwa nyingi zilishatengenezwa na fundi mwingine kabla yako.

Jambo dogo la mwisho kuhusu kuiweka chini. Wengi hufundishwa kuilaza ubavu ili makali yasiguse meza. Ukiilaza hivyo wenzo wa pembeni hugongwa na kisu huhama. Meza ya mbao iliyofagiliwa haiwezi kutafuna chuma kilichonolewa, kwa hiyo isimamishe kama ilivyo. Kama una shaka, iegemeze ncha ya mbele juu ya kijiti chembamba.